Kinga Hailiake Njala

Mzee Munyemana, kocha wetu, alilisema mbele ya wote na hakushusha sauti: kwenye mbio za Bukavu, kule Kongo, nisipoingia katika watatu wa kwanza, baiskeli ninayoitumia atapewa mwenzangu Nishimwe. Klabu yetu ya wanawake pale Kamembe, upande wa Rwanda, ilikuwa na baiskeli moja tu ya mbio, nyepesi hata unaiinua kwa mkono mmoja. Nyingine zilikuwa vyuma vya kubebea ndizi tulivyovibadilisha usukani. Mzee hakuwa na chuki nami. Aliamini tu kwamba mwanamke aliyejifungua juzi mwili wake unavutwa na watu wawili, na mlima hautaki mwili wa kugawana.

Basi nilikuwa natoka alfajiri, mwanangu Gaju bado amelala, nakanyaga kuelekea Gashonga. Njiani nilikutana na wanaume wanaoshusha ndizi kwa baiskeli, mikungu imening'inia kila upande. Walinitania kwamba nimesahau mzigo nyumbani. Kweli mzigo wangu ulikuwa nyumbani, ubavuni mwa baba yake, na matiti yakianza kuuma nilijua ni wakati wa kugeuza.

Siku yenyewe tulivuka daraja la Rusizi kwa miguu, tukisukuma baiskeli. Mume wangu Ladislas alimbeba Gaju mgongoni kwa kitenge. Vijana wa ng'ambo walimcheka, wakamwita maman, yaani mama. Yeye akawajibu kwamba kwao Nzahaha ndivyo mwanaume anavyojifunza kubeba simenti.

Nilikuwa nimepanga vizuri: nimnyonyeshe kabla tu ya kuanza, alale, nirudi hajaamka. Lakini kule, kama kwetu, mbio hazianzi mpaka mkubwa afike, na mkubwa hakuonekana. Tulisimama kwenye mstari, tukakaa, tukasimama tena. Jua likapanda. Wasichana wa Bukavu waliimba mpaka wakachoka kuimba. Gaju akaamka, akalia kile kilio kisichobembelezeka. Nikakaa ukingoni mwa barabara, kando ya maman mmoja anayeuza sambaza, vidagaa vya ziwani, nikafungua jezi, nikampa titi.

Hapo ndipo gari la mkubwa lilipofika. Hotuba hakuna. Filimbi ikalia.

Wenzangu wakaondoka kama maji. Nilimwona Nishimwe akipotelea kwenye kona. Mzee Munyemana aliniita. Kidole changu kilikuwa tayari pembeni mwa mdomo wa mtoto, nimtoe. Gaju akanitazama kwa jicho moja, akaendelea kuvuta.

Maman wa sambaza hakuacha kupanga samaki wake. Alielekeza kidevu kwenye baiskeli yangu iliyolala chini.

"Acha mutoto amalize," akasema. "Kinga hailiake njala."

Kinga kwao ni baiskeli, na kweli baiskeli hailii njaa. Nikamwacha amalize. Sijui zilikuwa dakika ngapi. Kwangu zilikuwa ndefu kuliko mimba. Alipoachia mwenyewe, amelewa maziwa, nilimkabidhi kwa baba yake, nikapanda.

Tulitakiwa kuuzunguka mji mara tano, na kila mzunguko una mlima wa kuelekea Kadutu. Wa kwanza niliukanyaga peke yangu, walio mbele siwaoni hata vumbi lao. Lakini kuna kitu sikukitarajia. Kifua kilikuwa chepesi. Tangu nizae sikuwahi kuendesha bila kusikiliza kilio ndani ya kichwa changu, na sasa kilikuwa kimenyamaza. Miguu ikawa yangu yote. Mzunguko wa pili nikaanza kuwapita wa nyuma, mmoja mmoja.

Habari ilikuwa imetembea sokoni upesi kuliko sisi. Kila nilipopita, wauzaji walinihesabia walio mbele: beko saba, yaani wako saba, kisha beko tano. Kijana mmoja akapaza sauti nirudi Rwanda nikanyonyeshe. Mwanamke wa nyanya akamgeukia.

"Na weye, nani alikunyonyesha? Mbuzi?"

Nikapanda mlima ule nikicheka, jambo lisilofaa kwa mapafu.

Mzunguko wa mwisho, wawili wa Bukavu walikuwa mbele pamoja, nyuma yao Nishimwe peke yake, kisha mimi. Nilimfikia katikati ya mlima. Alisikia pumzi yangu na alijua ni nani, tena alijua nimefuata nini. Nilitegemea anizibe njia. Badala yake akasogea mbele yangu, upepo ukampiga yeye.

"Kaa nyuma yangu, dada, upumue," akasema. "Bale babili bamekwisha."

Kweli, mmoja wa wale wawili alikuwa ameshaanza kuyumba. Nilipumua, kisha nikachukua zamu mbele, naye akapumua. Tuliwapita kabla ya kilele, na sikugeuka tena. Kelele za wale wanawake wa sokoni ndizo zilizonivusha mstari. Wa kwanza. Nishimwe gurudumuni kwangu, wa pili.

Tulianguka kwenye nyasi pamoja. Nikamuuliza kwa nini. Akaniambia baiskeli anaitaka sana, ila hakutaka kuipata kwa sababu mtoto aliona njaa.

Mzee Munyemana alifuta mnyororo kwa kitambaa, akaisukuma baiskeli mwenyewe mpaka darajani, mimi nyuma nimembeba Gaju. Upande wetu askari wa mpakani akauliza ile ya mbio ni ya nani. Nikafungua mdomo kusema ni ya klabu.

"Ya Maman Gaju," mzee akamjibu, akaendelea kusukuma.