Majivu Kwenye Mkeka wa Mama

Mimi sikuumbwa kunyamaza. Waliponioza kwenye nyumba ya kunyamaza, nilijua kazi ninayo.

Ilikuwa mwaka hamsini na sita. Kwetu ni Mufindi, kwenye baridi na mashamba ya chai. Asukile, Mnyakyusa, alikuja kule kufanya kazi kiwandani, akanipenda, nikampenda, baba yangu akapewa ng'ombe wake, nami nikapanda basi pale Nyololo kwenda kwao Rungwe kupitia Mbeya. Wenzangu ndani ya basi walikuwa na masanduku. Mimi nilipakata bakuli la bati lenye mmea.

Wazungu wa chai waliuita heda. Baba alikuwa akiwatunzia bustani, akaleta kitawi nyumbani, na mama yangu Apolonia akakipanda mlangoni. Si mti wa kwenda juu. Unatambaa, unatanda, unabaki kijani masika na kiangazi, na baridi ikikaza ndipo unatoa vijiua vya zambarau, vidogo kama punje za ulezi. Mama aliuita mkeka. "Tazameni mkeka wangu usivyochakaa," alikuwa akijisifu. Alifariki mwaka mmoja kabla sijaolewa. Shangazi zangu waligawana nguo zake, mimi nikachukua kipande cha mkeka, basi.

Kwa mume wangu niliupanda karibu na mlango wa jikoni. Haukupita muda Asukile akaenda Chunya kwenye machimbo ya dhahabu, nikabaki na wazazi wake.

Mama mkwe, Yudith, alikuwa ameshanieleza sheria siku ile ile ya kwanza. "Mwanangu, huku kwetu mkamwana haonani na baba mkwe. Ukimsikia anakuja, ingia ndani. Jina lake usilitaje." Mpaka leo silitaji, kwa hiyo msiniulize.

Nilidhani ni adabu ya wiki moja. Thubutu! Nikikohoa uani, mzee anazungukia migombani. Tukikaribia kukutana njiani, yeye anaingia porini na mvi zake. Kwetu Uheheni baba mkwe unamheshimu sana, lakini unamsalimu "kamwene" naye anaitikia. Huyu wangu nilimjua kwa mgongo tu. Nikaanza kuamini kwamba hanitaki mimi, Mhehe, Mkatoliki, nisiyejua kupika ndizi, na mila ameifanya kisingizio. Iliniuma, sitaficha.

Halafu mkeka ukaanza kukauka. Kwanza ncha, kisha vitawi vizima, kahawia kama chai iliyokolea. Nilipoinama kutazama vizuri nikakuta majivu shinani, mengi, yameshindiliwa kwa mkono. Mmea ule hauwezi majivu. Mama alikuwa hataki hata tupite karibu nao tukienda kumwaga ya jikoni. Sasa kitu pekee cha mama nilichobaki nacho duniani kilikuwa kinakufa, na mtu alikuwa anakiua kwa makusudi.

Nikaingia ndani nikafunga virago. Mama mkwe alinikuta nakaza kamba ya kikapu.

"Unakwenda wapi?"

"Kwetu. Siwezi kukaa na watu wanaoniulia mama yangu mara ya pili." Nikamweleza habari ya majivu, tena kwa sauti ambayo mkamwana hatakiwi kuwa nayo.

Akakaa juu ya kuni. "Majivu ni ya baba yako mkwe," akasema.

"Nilijua tu."

"Hujui kitu. Nisikilize."

Akaniambia kwamba mzee ana mgomba mmoja nyuma ya nyumba, uliopandwa na mama yake mzazi. Kila alfajiri, tangu ujana wake, alikuwa akizoa majivu ya jikoni na kuupelekea ule mgomba, mwingine haupati. "Juzi juzi aliniuliza mke wa Asukile amepanda nini pale mlangoni. Nikamwambia ni cha marehemu mama yake. Tangu siku hiyo mgomba wake umelala njaa. Anaamka kabla hujafungua mlango, anakupa wewe yote."

Hasira yangu ilikwisha pale pale, nikabaki na aibu na machozi. Lakini machozi hayatibu mmea. "Sasa nani atamwambia yanauchoma?" nikauliza.

"Yuko nyuma ya ukuta anatia jembe mpini. Sema mwenyewe. Ila usimwambie yeye."

Kulikuwa na kuku anaparura pale mlangoni. Nikamgeukia. "Wewe kuku, mmea huu unataka udongo mweusi wa msituni, wa majani yaliyooza. Majivu yanauchoma. Aliyeyaweka aliyaweka kwa upendo, nami namshukuru, ila yanauchoma."

Nyuma ya ukuta kugonga kukakoma.

Kesho yake mzee hakuonekana mchana kutwa. Jioni mama mkwe akaniambia niingie ndani, nirudishe mlango. Mzee alikuwa amerudi na gunia la udongo. Alipanda mlima Rungwe mpaka kule juu kwenye vichaka vyenye majani kama ya mkeka wangu, akachimba chini yake.

Nilikaa nyuma ya mlango, kikapu changu kando yangu bado kimefungwa. Nilisikia jembe likikwangua majivu. Nilisikia udongo ukimwagwa, viganja vikishindilia, kisha maji. Halafu mzee akasema na mmea, polepole. Kinyakyusa changu kilikuwa cha kuombea chumvi tu, lakini maneno yale niliyaelewa.

"Kunywa, mwanangu. Sikukijua chakula chako. Usirudi kwenu."

Kumjibu sikuruhusiwa. Mbele yangu kulikuwa na chungu, nikakiinamia, nikasema kwa sauti ya kufika nje:

"Haurudi, baba."

Nikamsikia anapenga kamasi, na nyayo zake zikaelekea migombani.

Nikafungua kikapu, nikarudisha kanga zangu kwenye kamba ya nguo. Alfajiri nilimtangulia kuamka. Nilizoa majivu yote ya jikoni, nikaenda nyuma ya nyumba, nikayamwaga kwenye mgomba wa mama yake.