Pua ya Nyumba

...na sasa funikeni glasi ya mafuta ya zeituni kwa kiganja, aliwaambia, kama alivyowaambia wa jana na wa juzi, mkono mmoja chini uipashe, mkono mwingine juu uzuie harufu isitoke, na rangi msiiangalie, ndiyo maana glasi zenyewe ni za bluu, rangi hudanganya, na wageni kumi na wawili wa Bergamo walioshushwa na basi saa nne wakafunika kwa utiifu, na Ersilia naye akafunika yake, miguu inamuuma tangu alfajiri, miaka sitini na moja si mchezo, na anajua kwamba dakika mbili tatu zijazo atainua kiganja, ataingiza pua, na hatanusa kitu, hata chembe, tangu Februari, ile homa ya mafua iliyomlaza siku tisa ikaondoka na kunusa kwake ikamwachia pua ya kupigia picha tu... "Dada," Oronzo akaita kutoka mlangoni, mdogo wake huyo, mpira wa kuhamishia mafuta begani, "tangi la tatu vipi? Nilifungulie kwenye kubwa au bado?" Bado, akamwambia, huoni nina watu? Na Oronzo akasema haya, bila kinyongo, kama alivyosema jana, akarudi kwenye matangi. La tatu. Mungu wangu, la tatu. Zeituni za shamba la juu, Jumamosi kinu kiliharibika, zikalala maguniani siku mbili, kosa ambalo hata mtoto wa hapa Bitonto hafanyi, zeituni hazilazwi, na Jumatatu akaingiza mkono kwenye gunia, za moto kama unga unaoumuka, akainama akanusa mbele ya wafanyakazi wote, hakuna kitu, mwenye pua yake angejua palepale kama zimevunda au zimesalimika, yeye alisimama tu na zeituni mkononi, akaona wanamngoja, akasema kamueni, kwa sauti ile ile ya Baba, na likikosewa hilo tangi moja likafunguliwa kwenye tangi kubwa basi mafuta ya mwaka mzima, miti mia nne, yatakuwa ya kuwashia taa, na aliyesema ndiyo ni nani? Ni yeye. Lakini angesemaje? Mezani, mbele ya wajomba, Baba alisema pua ya nyumba hii ni Ersilia, wewe Oronzo utabeba magunia, na Oronzo alikuwa na miaka ishirini na minne, akaendelea kumenya chungwa lake, na tangu siku ile miaka thelathini na mitatu hakuna tone lililotoka humu bila Ersilia kusema ndiyo, sasa aende kwake amwambie nini, kwamba pua ya nyumba imekufa?

"Inueni, ingizeni pua, vuteni pumzi," akasema, wakavuta, na yeye akavuta, hewa tupu, baridi kidogo, kama kunusa dirisha. Yaliyokuwa glasini ni mafuta ya la tatu. Aliyachota mwenyewe asubuhi kwa kata, kwenye mfuniko wa juu, kabla Oronzo hajafika, awaangalie wageni nyuso, mmoja akikunja pua atajua, aibu gani hii, mwonjaji mzima anaomba pua kwa watalii, na hawa wa Bergamo ni watu wa kaskazini, wa siagi, mafuta hawayajui, adabu imewajaa, kila unachowapa ni kizuri. "Mazuri," akasema bwana mmoja mwenye skafu. "Mazuri sana," akasema mkewe. Haya, sasa mfyonze kwa kelele, msione haya, wakafyonza, watatu wakakohoa, bwana wa skafu akapigwa mgongo na mkewe, "kufa baadaye, basi limelipiwa mpaka jioni," wakacheka, na yeye alikuwa akihesabu, watatu, ukali upo, lakini ukali na uvundo hulala kitanda kimoja, hilo analijua tangu utoto, vikohozi havimwambii lolote. "Na wewe mama," akauliza bibi mmoja mfupi, mwalimu mstaafu, ndivyo alivyojitambulisha, "wewe mwenyewe unanusa nini hapa?" Nyasi zilizofyekwa, akasema, lozi mbichi, jani la nyanya, maneno ya jana, anayasema kama rozari, na huku anayasema macho yakamponyoka yakaenda mlangoni, Oronzo amechutama kando ya la tatu anafagia, na kwenye koki ya la tatu kuna waya. Umezungushwa mara nne ukakazwa kwa koleo, na juu ya waya vumbi la makapi ya zeituni limekwisha kuganda, waya wa siku nyingi huo, wa Jumatatu. Kwa hiyo alinusa. Alinusa uvundo siku ile ile akalifunga, na kila asubuhi anakuja na mpira begani, dada, la tatu vipi, ananicheza shere, mshenzi huyu, damu ikampanda mpaka masikioni... halafu Machi ikamjia, jikoni kwake, Oronzo aliingia akapita moja kwa moja hadi kwenye jiko akafunga gesi, akafungua madirisha yote mawili, akasema upepo umekuzimia moto, akaketi akaomba kahawa. Hakukuwa na upepo. Wala hakuuliza kwa nini dada yake hakusikia harufu ya gesi. Tangu Machi, basi. Miezi minane anaonja nyuma yake na kurekebisha, kisha anakuja kumuuliza, ili neno libaki lake, na yeye kutwa anahangaika kumficha huyo huyo. Mficha maradhi, kilio humuumbua, lakini huyu alimsitiri. Hasira ikaisha, ukabaki uchovu, uchovu wa miezi minane wote kwa pamoja, hata glasi ikawa nzito.

"Lozi mbichi," mwalimu akarudia, anaandika kwenye kidaftari. Futa hiyo mama, akamwambia, nimekudanganya. "Oronzo," akaita, "njoo uwaambie wewe, hili ni la tatu, mimi tangu Februari sinusi kitu." Wageni wakageukia mlangoni, glasi mikononi. Oronzo akasimama pale na ufagio, hakushangaa, akamtazama yeye tu.

"Niseme mbele za watu?"

"Sema."