Paa la Donatus

Mvua ya kwanza baada ya uchaguzi wa mwaka 1965 ilimkuta Paskazia ndani ya nyumba yake, nje kidogo ya Tinde, akipepeta choroko. Ilinyesha moja kwa moja kwenye ungo. Aliinua macho. Nyasi za paa zilikuwa mpya, hazina hata tundu. Mvua ilipita tu. Akamfunika mjukuu wake Kalisti, wa wiki tatu, mwenye kikohozi kibaya.

Hakukawia kujua sababu. Alikuwa amempigia kura mtu wa Jembe, na kabla ya jioni ilijulikana kuwa wote waliompigia yalikuwa yamewakuta hayo hayo. Wagombea walikuwa wawili, wa chama kimoja, mmoja alama yake jembe, mwingine nyumba, na wote waliahidi zahanati kwa maneno yale yale. Hilo halikuwazuia watu kununiana. Paskazia na jirani yake Donatus, mtu wa Nyumba kindakindaki, hawakuwa wamesalimiana tangu Agosti.

Kwa Donatus halikuingia tone. Ila jembe lake lilikataa ardhi. Kila alipolishusha lilidunda, na shamba lake la pamba lilikaa tupu huku wa Jembe wakipanda.

Asubuhi ya pili midomo ya Kalisti ilianza kubadilika rangi. Paskazia aliogopa kweli kweli. Akameza kiburi chake, akambeba mtoto, akavuka njia, na binti yake Philomena, mama wa mtoto, akamfuata nyuma.

"Mwangaluka, Baba Tarsisi."

Donatus alimtazama mtoto kwanza. "Mwangaluka, Mama Philomena. Ingieni, kuna moto."

"Mimi ni wa Jembe."

"Najua. Ndiyo maana nataka nikuoneshe shamba langu."

Siku ya nne kikohozi kililegea. Paskazia alikuwa amekwisha lima robo eka ya shamba la Donatus. Majirani walipoona wakaanza kutembeleana, wengine wakijifanya wamekuja kuomba chumvi, na kufikia Noeli kila wa Jembe alikuwa na pa kulala na kila wa Nyumba alikuwa na shamba lililolimwa.

Mshindi, yule wa Nyumba, alikwenda bungeni na huko huko akabaki. Mwaka wa tatu watu walichoka kungoja. Wa Jembe wakachimba udongo wa matofali, wa Nyumba wakajenga na kuezeka. Zahanati ikasimama. Waliandika barua tatu kuomba mganga na dawa, kila kundi likipiga alama yake chini. Hazikujibiwa.

Mwaka 1970 mbunge alikuja na Landrova, akasimama kwenye kivuli cha zahanati, akauliza kwa bashasha kama hapa ni kwa Nyumba au kwa Jembe.

"Dawa ziko wapi?" Paskazia alimuuliza.

"Tushinde kwanza, mama."

Kabla ya kura kila kaya ilikaa ikagawana, huyu Jembe, yule Nyumba, ili pasikosekane wa kulima wala pa kulala. Paskazia alichukua Jembe, kazi aliyoizoea. Philomena akachukua Nyumba. Mbunge akashinda tena, kwa kura chache.

Mvua ziliporudi, zilinyesha upande wa Paskazia tu. Alihamishia kitanda upande wa Philomena, akaweka mtungi pale kilipokuwa, na maji yake akayapeleka kudekia zahanati. Kisha yeye na Donatus wakakaa kwenye ngazi ya zahanati kuandika barua ya nne. Safari hii walitia majina ya kijiji kizima, bila alama. Rafu zilikuwa bado tupu. Paskazia alizipangusa vumbi, moja baada ya nyingine, akauacha mlango wazi.