Majiko ya Mke wa Muuza Mkaa

Tabu alijifunza kufinyanga kwa mama yake huko Pugu, kabla hajaolewa Mbagala na Mashaka, muuza mkaa. Ndiyo maana mradi wa majiko ya kubana mkaa ulipokuja kutafuta akina mama wa kufundishwa, yeye aliwapita wenzake wote. Kikombe chake cha udongo, kile kinachoshika mkaa, kilikaa ndani ya jiko la bati bila kupasuka, na maharage yakaiva kwa nusu ya mkaa uliozoeleka.

Mwalimu wao alikuwa Auleria, mwanamke wa Bukoba mwenye sauti ya upole. Yeye ndiye aliyewaeleza kwamba moshi wa viwanda vya Ulaya na ule wa miti inayochomwa mkaa Rufiji unakutana huko juu, na dunia inazidi kupata joto. Kwamba mataifa yalishakutana Brazili yakaahidi kuupunguza. Wenzake walisikiliza kwa adabu huku wakisubiri chai. Tabu alirudi nyumbani polepole. Alipoyaona magunia ya mumewe yamepangwa uani kama siku zote, alijihisi kama mtu aliyekutwa na mali ya wizi.

Mashaka hakuwa mtu mbaya. Wateja walipoanza kununua debe badala ya gunia, aliuliza tu kama mke wake ameajiriwa kumfungia genge. Tabu akamjibu kwamba pesa ya majiko nayo inaliwa humu humu. Walicheka, lakini kila mmoja akabaki na lake moyoni.

Mwanzoni mwa mwaka tisini na tano Auleria alikuja na habari. Wafadhili wangefika na kamera kumpiga picha Tabu, ili ionyeshwe kwenye mkutano wa mataifa Ujerumani, na huenda yeye mwenyewe akapelekwa kuzungumza. Kisha akayatazama magunia.

"Mama Naima," alimwambia Tabu, "hayo yasionekane."

Tabu alidhani Mashaka atakataa. Hakukataa. Asubuhi ya siku ya wageni aliyabeba yote chumbani mwao, moja moja, mpaka yakafunika kitanda na kuziba dirisha. Halafu akaoga, akavaa shati la Idi, akasimama kando ya mlango kama mgeni katika nyumba yake.

Wageni walikuwa wawili, mama wa Kizungu na mpiga picha. Walimrekodi Tabu akiwasha jiko, akiinjika sufuria, akieleza. Alieleza vizuri. Yule mama alifurahi sana, na mwisho akaomba kitu kimoja: aingie ndani aone mahali Tabu anapoishi, watu wa Ujerumani wayajue maisha yake.

Auleria alitafsiri, na macho yake yakaomba akatae. Kukataa kulikuwa rahisi, angesema kuna mgonjwa. Lakini Tabu alimwona Mashaka amesimama pale, shati safi, kucha bado nyeusi, anamngoja yeye aseme. Akifungua, anaipoteza safari na pengine kazi. Asipofungua, atakuwa amemficha mumewe pamoja na magunia yake.

"Mwambie ndani pamejaa mkaa," alisema. "Mume wangu anauza mkaa, na mie naula. Akiacha kuuza, mtoto wetu hasomi. Mwambie hivyo hivyo, Dada Auleria."

Auleria alimgeukia yule mama, akasema maneno machache ya Kiingereza. Yule mama akasikitika, akamshika Tabu mkono kwa huruma, akaaga.

Gari lilipowashwa, Tabu alimuuliza Auleria amemwambia nini.

"Nimesema kuna mgonjwa." Auleria hakumtazama. "Mradi ukifungwa, mie pia sina pa kwenda."

Safari ilipothibitishwa, Tabu aliikataa kwa kisingizio cha mtoto. Akapelekwa Demetria, wa kikundi cha Ubungo. Auleria hakubishana naye. Picha ya Tabu ilikwenda bila yeye.

Mwaka huo mvua zilikuwa haba, maji yakapungua kwenye mabwawa ya umeme, na mgao ukawa mkali. Watu waliozoea kupikia umeme, wa Msasani na kwingineko, wakaanza kufika Mbagala na magari yao. Walitaka mkaa, na kwa kuwa hawakuwa na majiko, walitaka na majiko. Mashaka akaanza kuviuza pamoja. Alisema kwa furaha ya kweli kwamba sasa kazi zao zinasaidiana. Tabu aliyatazama majiko yakipakiwa magarini. Kila jiko lilipunguza mkaa, na kila jiko lilikwenda nyumba ambayo jana haikuwa na mkaa kabisa. Malori ya Rufiji yakaongezeka.

Siku mkutano wa Ujerumani ulipokwisha, redio ilitangaza habari zake Tabu akiwa uani, mikono imezama kwenye udongo. Mashaka, ambaye alikuwa nje na mteja, aliingia akauliza wakubwa wamekubaliana nini.

"Wamekubaliana waendelee kuzungumza," Tabu alisema. "Wamejipa miaka miwili."

Mashaka aliitikia kwa kichwa, kwa heshima. Kisha akamwambia Tabu kwamba mteja aliye nje anataka majiko matatu, la kwake na ya dada zake wawili, na ameuliza kama anaweza kusubiri.

Tabu alimwambia ampe kiti.