Meza Iliyoziba Mlango wa Mama

Futi hakupewa jina hilo bure. Hata shati hakununua mpaka ajipime mabega kwa futi yake ya chuma. Kwa hiyo alipowaambia rafiki zake wawili, Mwalimu na Dereva, wajitengenezee meza ya michezo sebuleni kwake, meza pana yenye kibonde cha kuchezea katikati na ukingo wa kuegemeza viwiko, hakuna aliyeuliza kama itaenea. Nani amuulize mpimaji?

Na kweli ilienea. Tatizo ni kwamba alipima sebule akasahau mlango wa chumba cha mama yake, ambao hufungukia sebuleni. Watu wazima watatu, akili timamu, hakuna aliyeliona hilo mpaka saa nane mchana, gundi imeshapakwa na vibano vya chuma vimeukaza ukingo pande zote. Kona ya meza ilikuwa imeugandamiza mlango. Mama alikuwa ndani, amelala.

"Tuisogeze basi," alisema Dereva.

"Tukiisogeza sasa viungo vinaachia, kazi yote bure," alisema Futi. "Saa mbili tu, jamani. Mama akilala mchana haamki mpaka alasiri."

Mwalimu hakuupenda mpango huo. Lakini alijiona mgeni katika nyumba ya watu, akameza maneno yake. Mimi simsamehei kwa hilo.

Saa nane na dakika ishirini mlango uligongwa kwa ndani.

"Mwanangu, nifungulie."

"Subiri kidogo, mama! Gundi haijashika!"

"Mkono umekufa ganzi. Sioni vizuri."

"Umeulalia huo. Ukunjue, ukunjue."

Dereva alicheka. Mama alijulikana kwa kugonga: asipogonga kwa ajili ya maji, atagonga kwa ajili ya redio. Akagonga tena, mara moja, bila nguvu, akasema kitu ambacho hakikueleweka, kama mtu mwenye chakula kinywani.

"Anasemaje?" aliuliza Mwalimu.

"Ananitukana," alijibu Futi, akajilazimisha kucheka. Lakini kicheko hakikutoka vizuri, na macho yake yalikwenda kwenye saa ya ukutani. Moyo ulimwambia avunje kila kitu. Mkono ukaokota msasa ukaendelea kulainisha miguu ya meza.

Chumbani kukawa kimya. Walijiambia amerudi kulala. Hata kuzunguka nje wakachungulie dirishani, hawakwenda. Walipiga msasa bila utani, bila hata kutazamana, na vumbi la mbao likawatua kwenye nyusi.

Saa tisa na nusu Mwalimu aliweka msasa chini. "Bwana, mimi nimeshindwa. Muite."

Futi aliita. Aliita tena kwa sauti ya juu, kisha akaita kama mtoto aliyepotea sokoni. Hakujibiwa. Alivirukia vibano akavifungua kwa pupa, wote watatu wakaiinua meza kwa nguvu, ukingo ukaachia na kuanguka sakafuni vipande viwili. Hakuna aliyeutazama.

Mama alikuwa ameketi chini, mgongo kwenye kitanda, mdomo umekwenda upande. Alikuwa hai. Walimbeba mpaka kwenye gari, na Dereva, ambaye siku zote hana haraka, aliendesha kama mwenye wazimu.

Hospitalini muuguzi alikuja na karatasi. "Hali hii ilianza saa ngapi? Nataka ukweli. Matibabu yake yanategemea muda."

"Ndiyo kwanza tumemkuta hivi," Dereva aliharakisha kujibu.

Futi aliona haya mpaka masikio yakawaka moto. "Hapana, sista. Saa nane na dakika ishirini."

Muuguzi alitazama saa yake. Ilikuwa saa kumi kasoro robo. "Na muda wote huo mlikuwa wapi?"

"Nje ya mlango wake," alisema Futi.

Aliinama kitandani akaushika mkono wa mama yake, ule mzima. Mama alimtazama kwa muda, kisha akauvuta mkono wake polepole, akauficha chini ya shuka.