Chupa ya Kifuniko cha Kijani

Mjukuu wangu alipofika Jumamosi nilimtegea kitendawili kabla hajavua viatu.

"Nimekiweka mwenyewe, nimeambiwa kimewekwa, anayekihitaji hakioni."

Akacheka. "Sijui, Bibi. Nakupa mji."

"Sitaki mji. Nataka jicho la babu yako."

Kicheko kikakatika.

Huyu tunamwita Fundi, tangu alipoifungua redio yetu akiwa na miaka sita, na mpaka leo haijafungika. Sasa kazi yake ni kuandika programu za simu. Mwaka jana aliniandikia ya kwangu, ya dawa za babu yake mwenye presha ya macho. Asubuhi na jioni simu inalia, halafu inataja chupa kwa rangi ya kifuniko. Asubuhi cheupe, jioni cheupe. Nilijivuna nayo mpaka majirani wakanichoka.

Mwezi uliopita daktari akabadilisha: asubuhi cheupe, jioni kijani. Palepale kwenye benchi la kliniki nilivaa miwani, nikafungua ukurasa wa mipangilio, nikachagua kijani, nikabonyeza hifadhi. Simu ikaandika: Imehifadhiwa. Basi nikalitoa jambo hilo kichwani. Si limehifadhiwa?

Jioni ile ile simu ikasema, "Kifuniko cheupe."

Mzee alikuwa ameshainua uso. "Mama watoto, daktari si alisema kijani?"

"Simu inasema cheupe. Hiyo ya kijani itakuwa ya mwezi ujao."

"Nilimsikia vizuri."

"Sasa unabishana na simu? Tulia nikudondoshee."

Mume niliyeishi naye miaka arobaini na nne namwambia atulie, nakisikiliza kidude cha kiganjani. Akatulia, wiki nne nzima. Juzi daktari akaomba kuziona chupa. Ya kijani akaigeuza, akatuonyesha utepe wake haujakatwa, kisha akampima Mzee mara mbili. Jicho la kushoto limepungua kuona upande mmoja, na kilichopungua hakirudi.

Hayo yote nilimwambia Fundi akiwa bado amesimama.

"Ulibonyeza hifadhi, Bibi?"

"Usiniulize hivyo tena."

Akafungua kompyuta yake juu ya meza ya kulia. Alisoma kimya, shingo ikazidi kuinama.

"Simu haikudanganya," akasema. "Ukurasa wa mipangilio umeandika kijani. Ila kengele haisomi pale. Kila sehemu niliiandika kwa siku yake, nikaipa kisanduku chake cha kuhifadhia. Cha kengele bado kina yale ya siku ya kwanza."

"Na ukurasa wa orodha ya dawa?"

"Nao una chake."

"Visanduku vitatu, mgonjwa mmoja. Shuleni walikufundisha hivyo, au hii ni akili yako binafsi?"

Vidole vikaanza kukimbia. "Narekebisha, dakika tano tu. Ukibonyeza hifadhi, itanakili kwenye vyote vitatu."

"Na ukiongeza ukurasa wa nne ukausahau?"

Vidole vikasimama.

"Chumvi ya nyumba hii iko wapi?" nikamuuliza.

"Kwenye kopo, kando ya jiko."

"Mama yako akija kupika hapa anakuja na yake mfukoni?"

"Hapana, Bibi."

"Na mimi ninayo nyingine chini ya mto?"

"Nimeelewa."

"Ungeelewa mwaka jana."

Akafuta alichoandika. Akaanza upya, akaniambia anatengeneza mtunzaji mmoja: anayetaka kuweka apite kwake, anayetaka kusoma amuulize yeye, na ukurasa wowote usijiwekee cha pembeni. Nilimpelekea chai kwa sababu ni mjukuu wangu. Sukari nilimwachia atie mwenyewe, sikukaa naye.

Alipomaliza nilimnyang'anya simu. Nikaingia kwenye mipangilio, saa ya jioni nikaisogeza iwe baada ya dakika mbili, nikahifadhi, tukakaa tukiitazama kama maiti. Ikalia. "Kifuniko cha kijani." Nikageuza iwe nyeupe, nikasogeza saa tena, nikahifadhi, nikasubiri. "Kifuniko cheupe." Nikarudisha kijani. Mara saba nilimfanyia hivyo, mpaka machozi yakamtoka, na bado sikuona kama yametosha.

Akaenda kumpigia babu yake magoti. "Nisamehe, Babu. Kosa ni langu."

Mzee akampapasa kichwa. "Lako nusu. Mimi nilisema jioni ya kwanza kabisa. Muulize bibi yako alinihifadhi kwenye kisanduku gani."

Alicheka peke yake. Mimi nilitoka nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi.

Saa kumi na mbili jioni, saa yake ya kawaida niliyoirudisha, simu ikalia, ikataja kijani. Nikaiacha inalia mezani, nikaenda na chupa zote mbili mpaka kitandani, nimezifumbata mkononi.

"Mzee, ni ipi?"

"Ya kijani."

"Umeiona?"

"Nimeikumbuka."

Ndipo nikaufungua mkono, nikachukua ya kijani. Hasira zilikuwa hazijanitoka, na tone la kwanza likamwangukia shavuni.