Kuku wa Mnada

Kanisa letu la Kilutheri kule Uvira, Kongo, lilichomwa vitani. Sasa linajengwa upya. Kila Jumapili baada ya ibada wananadi sadaka za shambani, nasi tuliohamia Durban tunashindana kwa simu, dau likiwa mifuko ya saruji. Majina hayatajwi, sadaka haijitangazi.

Jumapili iliyopita nilikuwa saluni kwangu Greyville, namsuka mteja. Kwenye video ya simu, mnadi wetu Mzee Juvénal akainua kuku mwekundu. Nikaandika: mifuko miwili. Mzee akatangaza kuna mwingine mwenye mitatu. Mimi nishindwe? Nikaandika mitano. Yeye saba! Nikaacha kichwa cha mteja nusu, nikapanda mpaka ishirini, kuku akawa wangu. Saluni nzima ikapiga vigelegele.

Jioni mume wangu Blaise akarudi kutoka soko la Warwick amenuna.

"Eish, iko kichaa moja kaninyang'anya kuku! Nilifika kumi na tisa!"

Nikamwonyesha simu yangu. Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Halafu Mzee Juvénal akapiga simu.

"Maman Yvette, kuku wako ametaga. Yai ni la nani?"

"Langu!" tukapayuka wote wawili.

"Haya," akasema Mzee, "tuanze na mfuko mmoja."